Mgeni Asiyepewa Jembe

Tangu nirudi, kila ninayekutana naye ananiuliza lile lile: "Paskali, ulipotelea wapi?" Nimechoka kujibu nimesimama juani. Halafu nikijibu kwa kifupi, mtu anakwenda kuongeza chumvi yake. Juzi nimesikia eti nimeoa Pwani na nimeshasilimu! Sijaoa, na Jumapili mliniona kanisani. Basi leo nawaandikia wote kwa pamoja, na atakayeuliza tena nitamwambia akasome.

Mambo ya vibali na mihuri siyasimulii, yananiudhi hata kuyakumbuka. Mnajua nasoma baiolojia chuo kikuu. Kila mwanafunzi wa mwaka wetu alitakiwa akae kwenye msitu wa Pwani na kuchunguza mnyama mmoja tu, basi. Wenzangu walikwenda kundi zima, wakapigiana kelele, wakarudi. Mimi wakati huo nilikuwa hapa Nangara tukimzika Anjelina, kitinda mimba wetu. Nilipopewa nafasi nyingine nilikwenda peke yangu, na nisingekwenda ningerudia mwaka.

Wengine wenu si Wairaqw, kwa hiyo nieleze kitu kimoja kabla sijapanda basi. Kwa wazee wetu, nyumba iliyofiwa na mtoto hukaa kando kwa muda. Hamwingii kwa watu, na watu hawaingii kwenu. Hamchoti maji wanapochota wengine, wala hamli chombo kimoja na mtu, maana msiba unaweza kumfuata na yeye nyumbani kwake. Wanaita metimani. Baba yangu ni katekista, na alitamka mbele ya watu kwamba kwetu mambo hayo yamekwisha. Baba huyo huyo alimwambia Mama asiende kisimani "kwa sasa", akawa anabeba ndoo mwenyewe kutoka kijito cha mbali. Majirani walitusalimia kutoka upande wa pili wa ua wa minyaa. Walikuwa wapole sana, ila hakuna aliyevuka.

Nangara mpaka Arusha, kwa vumbi

Mama hakunisindikiza barabarani. Alinifungia viazi vitamu kwenye kitambaa, akanishika kichwa nilichokuwa nimenyoa kwa msiba, akarudi ndani.

Barabara yetu mnaifahamu, sina haja ya kuitukana tena. Kabla ya Minjingu tairi likapasuka. Kondakta akasema ni dakika chache tu, na sote tukajua maana ya dakika chache. Abiria wakashuka, wakatafuta kivuli, vyakula vikatoka mifukoni. Mama mmoja alikuwa na maandazi, mzee mmoja alikuwa na chupa ya maziwa ya mgando, na punde watu wasiojuana wakawa wanapitishiana kama ndugu.

"Kijana, sogea! Una nini hapo?" mzee wa maziwa aliniita.

"Nimeshiba, mzee. Asante."

Tumbo langu lilinguruma, nadhani hata yeye alilisikia. Viazi vilikuwa vimepikwa nyumbani kwetu, nami sikutaka kumpa mtu kitu kilichotoka nyumba ile. Nilizunguka nyuma ya basi nikala nikiwa nimesimama, natazama vumbi. Mtanicheka. Mwanafunzi wa sayansi, anayejua vijidudu kwa majina, anaogopa kumpa mtu kiazi! Nawaambia nilivyokuwa, chekeni tu.

Arusha mpaka Korogwe, na mkoa usiokuwepo

Nililala Arusha, asubuhi nikapanda basi la Pwani. Kondakta alitaka kujua nimetoka wapi, nikamwambia Manyara.

"Manyara ni mbuga, kaka. Nakuuliza mkoa."

"Ndiyo mkoa wenyewe. Makao makuu Babati."

"Babati ni Arusha!"

"Ilikuwa Arusha. Imegawanywa."

Akawageukia abiria. "Jamani, huyu amelala porini na simba wa Manyara, sasa anasema ndiko kwao." Basi zima likacheka. Siku nyingine ningemjibu vizuri tu, angejuta. Lakini siku ile nilifikiri tu: nimetoka kwenye nyumba ambayo watu hawaiingii, na sasa hata mkoa wangu watu hawaujui. Pale kwetu ofisini penyewe jina la Arusha bado linasomeka chini ya chokaa, kwa hiyo na mimi nimlaumu nani?

Moshi ikapita, Same ikapita, mikonge ikaanza. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa kitupu njia nzima. Korogwe akapanda mama mmoja mnene, amejifunga kanga mbili, na kapu la machungwa. Akakaa kwangu akihema.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu shika hili kapu nipumue."

Jina lake lilikuwa Bi Tatu. Alikuwa ametoka kumtazama binti yake aliyejifungua, na njia nzima kila aliyepita karibu alielezwa uzito wa mtoto. Alimenya chungwa akanipa. Nikasema nimeshiba. Akaniwekea mapajani bila kunisikiliza, akaendelea kusema. Nililila lote, na maganda nikayatia mfukoni mwangu ili nisiyaache alipokaa. Nilipomtajia kijiji ninachokwenda, Mtakuja, alipiga kofi. "Kwangu huko! Mungu ameniletea mbebaji wa kapu!"

Halafu akanitazama kichwani. "Umenyoa kwa joto au kwa msiba?"

"Kwa msiba, mama. Mdogo wangu wa kike. Alikuwa aanze darasa la kwanza."

"Inna lillahi," alisema. Kisha yule mama aliyekuwa hanyamazi akanyamaza. Akavuta kanga yake, akasogea mpaka ukingoni mwa kiti, nusu mwili nje kwenye njia, akaniachia nafasi kubwa. Kusogea kwa namna ile nilikuwa nakujua. Nilikuwa nimekuona kwetu kila siku tangu mazishi. Nikageukia dirishani nisionekane uso.

Kushuka barabara kuu

Baada ya mto Wami tulishuka, tukangoja gari dogo la kuingia ndani. Lilikuja jioni limejaa magunia. Njiani lilikwama kwenye mchanga mara kadhaa, na kila mara wanaume walishuka kusukuma, mimi nikiwemo. Wakati wa kusukuma hakuna anayekuuliza umefiwa na nani. Nilifurahia kukwama kule kuliko kitu chochote cha safari ile.

Mwenyekiti wa kijiji alitupokea nyumbani kwake. Naye tukaanza upya.

"Manyara? Ya simba wanaopanda miti?"

"Ni mkoa, mzee."

"Tangu lini?"

"Juzi juzi tu."

"Serikali hii," alisema kwa uchungu, "haituambii kitu."

Bi Tatu akamvuta pembeni. Waliongea chini chini, wote wawili wakanitazama kichwa. Mwenyekiti akarudi taratibu, uso umebadilika. "Pole sana, kijana. Basi mgeni utakaa kwa huyu huyu Bi Tatu." Nikajua amekwisha kuambiwa.

Kikombe cha peke yangu

Bi Tatu ni mjane. Anaishi na mkwe wake, Mama Salma, ambaye mumewe anafanya kazi mjini, na mjukuu wake Salma, mwenye umri ule ule wa Anjelina. Walinipa chumba cha nje, mlango wake unaangalia barazani, mbali na mlango wao. Nikapewa kikombe cha bati chenye ukingo wa buluu, sahani, jagi la maji na birika la kunawia. Chakula kililetwa kimefunikwa kawa, kikawekwa barazani, na aliyeleta akaondoka. Wali wa nazi, siku nyingine na kisamvu, siku nyingine na samaki mkavu. Nyuma ya nyumba niliwasikia wao watatu wamezunguka sinia moja wakicheka. Salma alichungulia siku ya kwanza, akaitwa kwa ukali: "Salma! Mwache mgeni!"

Niambieni ninyi mliolelewa hapa, mngefikiri nini? Kikombe changu hakuna aliyekigusa ila kukiosha, na kilioshwa peke yake. Nilikula nimegeukia ukuta ili wasione uso wangu. Wali ulikuwa mtamu ajabu, na sikuufurahia.

Nikasema, kama wameshajua, basi uungwana ni kuwasaidia. Kuna kisima kizuri cha kijiji, kimejengewa. Sikukikaribia. Niliamka mapema na kidumu changu, nikashuka kwenye kijito cha msituni, nikachota ya kuoga na ya kunywa. Jagi la Bi Tatu nililiacha limejaa kama lilivyoletwa. Salma akikimbilia upande wangu nilirudi nyuma. Na wao, kila siku, walizidi kuwa wapole na kimya.

Sote tunajua wahenga walivyosema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Basi mimi niliingoja ile siku ya tatu kama mtoto anavyongoja Krismasi. Nilijiambia, wakinipa kazi, nitajua mimi ni mtu kama watu. Asubuhi hiyo nilikwenda nikasimama kabisa pale majembe yalipoegemezwa, nikajikohoza. Mama Salma akaja, akachukua moja lake na moja la mama mkwe.

"Naweza kusaidia," nilisema.

"Hapana, kaka Paskali. Wewe pumzika."

Wakaenda shambani. Nilibaki uani na kuku. Neno hilo pumzika liliniuma kuliko tusi, na niliamua nimalize kazi ya chuo haraka niondoke, na kama haimaliziki, niondoke hivyo hivyo nirudie mwaka.

Siku moja msituni

Mnyama wangu alikuwa sange. Kwetu hatuna huyu wa msituni, kwa hiyo mfikirie panya mkubwa mwenye miguu mirefu na pua ndefu inayochezacheza, mbele mwekundu, nyuma mweusi. Anatembea mchana, anafukua majani makavu kutafuta wadudu. Kazi yangu ilikuwa kutafuta viota vyake, kuvipima, halafu kukaa kimya karibu na kimoja kuanzia alfajiri mpaka jioni na kuandika kila anachofanya. Siku nyingi nilitafuta viota tu. Ile siku ya kukaa kutwa ndiyo iliyokuwa na alama nyingi kuliko zote, nami nikaiweka ya mwisho.

Msitu ule si kama wetu wa mlimani wenye baridi na ukungu. Ni joto, na hewa ina unyevu mpaka karatasi inalegea mkononi. Majani makavu yametandazwa chini kama godoro, na kila kitu kinachopita kinasikika. Hondohondo wakipita juu, mabawa yao yanavuma mpaka unainamisha kichwa. Nilikaa kwenye kiota nilichokichagua, mgongo kwenye mti, kidumu cha maji pembeni. Sheria ni usitikisike, usiongee, usijipake kitu chenye harufu. Mbu wanaijua sheria hiyo, wanakuja bila haraka.

Sange alitoka jua lilipoanza kupenya. Alisimama, akapiga mkia chini mara mbili tatu, akaanza kufukua. Jamani, nilifurahi! Nilitaka kumgeukia mtu nimwambie, unamwona, unamwona? Hakukuwa na mtu. Wenzangu waliotangulia walikaa wawili wawili kwenye kila kiota.

Mwalimu wetu alitufundisha kwamba sange dume na jike hugawana eneo moja maisha yao yote, lakini kila mmoja hulala kwenye kiota chake na hutafuta chakula chake. Darasani tuliona jambo la kuchekesha. Nilipomwona yule mmoja akizunguka peke yake tangu asubuhi, anafukua, anasikiliza, anafukua, sikucheka. Nilimkumbuka Mama akipita kwenye ua kwenda kijitoni wakati wenzake hawajaamka. Nikalia kimya kimya, kwa sababu sheria ni usitikisike.

Saa za mchana tumbo likaanza. Mwanzoni lilinyonga kidogo, baadaye likashika kweli kweli. Maji ya kile kijito, ninyi! Nguruwe pori wanajigaragaza upande wake wa juu, na mimi nilikuwa nayanywa bila kuchemsha, mtu wa baiolojia. Nilikimbia vichakani, nikarudi, nikakimbia tena. Sange akaondoka zake kwa hasira. Nilijaribu kusimama nirudi kijijini, miguu ikakataa, nikajikuta nimelala kwenye njia, jasho jembamba, natapika.

Walinikuta wanawake waliokuwa wakirudi na kuni. Mbele yao alikuwa Mama Salma. Akatupa mzigo wake chini, akanikimbilia, akanyoosha mikono aninyanyue.

"Usiniguse!" nilipiga kelele. "Nawaomba, msiniguse!"

Alisimama kama amepigwa kofi. Wenzake wakatazamana. Mmoja akasema, "Kumbe." Mimi nilimfikiria Salma tu. Mama yake aninyanyue, halafu arudi amshike mtoto? Nilijikokota mwenyewe, na wao wakanifuata nyuma kimya mpaka nyumbani, maana hawakuwa watu wa kumwacha mtu njiani.

Uani kwa Bi Tatu

Bi Tatu aliingia chumbani kwangu bila hodi. Nilikuwa sijawahi kumwona mama wa Pwani amekasirika, na sitaki kumwona tena.

"Paskali, mimi ni mtu mzima, nitasema. Chumba hiki ni cha marehemu mume wangu. Wali unaokula wewe, sisi siku nyingine tunakula muhogo nyuma kule. Nimekuletea maji ya kisima, huyagusi, unakwenda kunywa matope ya nguruwe. Mjukuu wangu akikusogelea unamkimbia. Unakula umetupa mgongo. Leo mkwe wangu anataka kukuokoa, unamwambia mbele za watu asikuguse. Sema kweli: kwa dini yako, sisi ni najisi?"

"Hapana, mama."

"Basi nini?"

"Najisi ni mimi."

Nikamweleza. Nilimweleza yote nikiwa nimelala, tumbo limenishika: Anjelina, ua wa minyaa, Mama na kijito, Baba na ndoo yake, viazi nilivyokula nyuma ya basi. "Nilijua uliwaambia," nilisema. "Niliona mmenipa vyombo vya peke yangu. Nikasema nisiwaletee yetu. Mna mtoto."

Bi Tatu alikaa kitandani, miguuni pangu, taratibu. Alinitazama sana.

"Ala!" alisema. Halafu akaita: "Mama Salma! Njoo usikie maajabu!"

Mama Salma alikuja mlangoni, bado uso umekunjwa. Bi Tatu akanionyesha kwa kidole. "Huyu anafikiri tumemtenga!"

"Tumemtenga sisi? Si yeye?"

"Mwanangu," Bi Tatu alisema, na sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ile ya kwenye basi, "kikombe kile ni cha mgeni. Mimi mwenyewe sikinywei. Mgeni kwetu analetewa cha kwake, kilicho kizuri, ale kwa nafasi yake. Na ndiyo, niliwaambia umefiwa. Niliwaambia ili usibebeshwe kitu! Mfiwa kwetu hapiki, halimi, hatumwi. Anatumikiwa. Nilimkataza Salma asikupigie kelele, moyo wako una jeraha."

"Na kwenye basi ulisogea mbali nami."

"Nilisogea ili ulale! Ulikuwa umechoka kama punda, kiti chenyewe kidogo na mimi nilivyo, si unaniona?"

Mama Salma akaanza kucheka. Aliziba mdomo kwa kanga, ikashindikana. Bi Tatu akafuata. Nami nilicheka, ikaniuma tumbo, nikalia na kucheka kwa pamoja mpaka sikujua ni kipi. Walinipa maji ya kisima yenye sukari na chumvi, kwenye bakuli alilokuwa anatumia Salma. Nilisita. Bi Tatu akasema, "Kunywa." Nikanywa.

Lakini nisiwadanganye kwamba hofu ilitoka na kicheko. Kesho yake jioni, tumbo likiwa limetulia, waliniita nyuma ya nyumba. Tulizunguka sinia, sote wanne. Salma alikaa ubavuni kwangu akawa anachota upande wangu, kwa sababu upande wangu ulikuwa na samaki zaidi. Mikono yetu iligusana kwenye wali. Asubuhi iliyofuata niliamka kabla ya wote, nikasimama uani nikiutazama mlango wao. Bi Tatu alitoka akanikuta pale. Hakuniuliza nafanya nini. Alisimama na mimi, naye akautazama mlango.

Salma alitoka anapiga miayo, nywele zimesimama, akasema anataka uji. Bi Tatu akaniambia, "Umemwona?" Nikasema nimemwona. "Basi chukua jembe, twende."

Tangu hapo sikupumzishwa tena. Nililima, nilichota maji kisimani, na niliketishwa kwenye mbuzi kukuna nazi, kazi ambayo wanaume wa kule hawaifanyi, na kila aliyepita alinipa pole huku anacheka. Vidole vyangu mmeviona. Siku ya kukaa kutwa niliirudia, na Mama Salma alinifungia muhogo wa kuchemsha na kuniletea mchana maji mengine. Sange alikuja. Kazi nimeikamilisha, mwaka sirudii.

Kurudi Nangara

Njia ya kurudi sina mengi. Mwenyekiti alinisindikiza kwenye gari la magunia na akamtangazia dereva, "Huyu ni wa mkoa wa Manyara, upo, mimi nimethibitisha." Njiani niligawa machungwa ya Bi Tatu kwa kila aliyenyoosha mkono.

Niliingia nyumbani mchana. Mama alikuwa nyuma ya nyumba anapukuchua mahindi, peke yake. Baba alikuwa amekwenda kufundisha. Nilikaa chini, nikachukua hindi, tukapukuchua wote. Nilingoja aniulize habari za msitu, hakuuliza.

"Walikupokea?"

"Walinipokea, Mama."

"Ulikula nao?"

"Sinia moja."

"Wakijua?"

"Wakijua."

Alipukuchua hindi zima ndipo akauliza lile lililokuwa moyoni. "Walikuwa na mtoto?"

"Wana mtoto. Wa rika la Anjelina. Nimemwacha anakimbiza kuku."

Mama aliacha mahindi. Alijifunika uso kwa mikono yenye vumbi la makapi, akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Ninyi wa jirani mlimsikia, najua, maana niliona vichwa vikisimama ng'ambo ya minyaa. Mlidhani tumepatwa na jingine. Hapana. Alikuwa anaambiwa kwamba kuna nyumba duniani iliyokula na sisi na hakufa mtu.

Basi ndiyo hayo, ninyi nyote mlioniuliza. Mmeniuliza sokoni, mmeniuliza kanisani, mmeniuliza barabarani, na mimi nawapenda kwa hilo. Ila hakuna hata mmoja aliyekuja kuniuliza nyumbani. Jumapili baada ya misa Mama atapika makande, mengi kuliko tunavyoweza kumaliza watatu. Nimekwisha mwambia mnakuja. Msisimame kwenye ua. Ingieni.